Miguu ya Kijakazi

Dar es Salaam
17 Februari 2025

Shikamoo Mama Hafsa,

Natumaini simu ya mradi imekufikia salama na umeshaizoea. Mimi ni Noa, mbunifu wa programu ya Kanyaga, yule uliyeongea naye siku ulipojiandikisha. Nilikuomba uniandikie barua pepe kila unapopata nafasi, uniambie kinachokupendeza na kinachokukera, kwa sababu wajaribu wenzako nikiwapigia simu huniambia "nzuri tu" halafu nabaki sijui nirekebishe nini.

Nimeangalia safari zako tangu uanze. Unatoka Chumbageni baada ya sala ya alfajiri, unafika Pongwe, unarudi. Mwendo wako ni mzuri kuliko wa wanawake wengi wa miaka hamsini na nne. Tatizo ni kwamba unasimama mno. Hata mjini hujatoka umeshasimama mara nyingi, na programu imeelewa kwamba unaishiwa pumzi. Ndiyo maana juzi ilikushusha daraja, ikakuweka kundi la wanaoanza na kukushauri umwone daktari. Je, kifua kinabana? Au ni magoti? Tafadhali usinifiche. Programu hii tunaitengeneza kwa ajili ya wanawake wanaoendesha baiskeli, na wewe ni mmoja wa watu wazima wachache tulio nao.

Wako,
Noa Mgaya

Chumbageni, Tanga
19 Februari 2025

Mwanangu Noa,

Marahaba. Kwanza kabisa, mimi si Mama Hafsa. Hafsa ndiye mimi. Mama Hafsa alikuwa mama yangu, Mungu amrehemu, na yeye baiskeli alikuwa akiiona inapita tu. Mimi mwenyewe sikujaliwa mtoto, kwa hiyo huo umama huna pa kuubandika. Niite Bi Hafsa kama wanavyoniita wenzio.

Pili, kifua hakibani na magoti ni mazima. Nasimama kwa sababu nasalimiwa. Huku kwetu mtu akikuita barazani, "Bi Hafsa, umeamkaje?", humpungii mkono ukapita. Unashuka, unamjibu, unamuuliza mgonjwa wake anaendeleaje, ndipo unapanda. Nikimpita mmoja tu bila salamu, habari zitamfikia mume wangu kabla sijarudi nyumbani, kwamba siku hizi mkeo anajiona. Hiyo programu yako imelelewa na nani, hata isijue kumtofautisha mtu aliyechoka na mtu mwenye adabu?

Mume wangu, Idarusi, nimemsomea barua yako. Ulipotaja daktari alicheka mpaka chai ikampalia. Anasema nikuambie kwamba tangu anioe hajaona kitu kilichonichosha isipokuwa yeye. Ni mstaafu wa bandari, baiskeli hapandi. Nikirudi kutoka Pongwe namkuta uani na chai yake, tunaanza kubishana habari ya sukari, nani katia nyingi na nani katia kidogo. Ubishi huo una umri wa ndoa yetu. Nyumba isiyo na ubishi mimi ingeniua.

Nirudishie daraja langu.

Hafsa binti Sele

Dar es Salaam
4 Machi 2025

Shikamoo Bi Hafsa,

Nimekurudishia daraja, na samahani kwa habari ya jina. Sasa programu itangoja kimya mtu akisimama, haitamhesabia uchovu. Ofisini wanakiita kipengele hicho "kituo cha Bi Hafsa". Mkubwa wangu ameuliza kama salamu inaweza kuwekewa kikomo cha dakika moja. Nimemwambia nitakuuliza, ingawa jibu nafikiri nalijua.

Barua yako ilinifanya nijaribu na mimi. Nimepanga Kijitonyama mwaka wa pili huu na jirani wa mlango wa pili simjui jina. Jana asubuhi nikasimama nikamwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani. Alidhani nauza kitu, akaniambia leo hapana. Kwetu Njombe nisingeulizwa hivyo. Ila usinielewe vibaya, kazi ni nzuri na silalamiki.

Noa

Chumbageni, Tanga
7 Machi 2025

Mwanangu Noa,

Marahaba. Kikomo cha dakika moja mwambie mkubwa wako akakiweke kwake.

Sasa nikuulize wewe. Unajua mwezi huu ni mwezi gani? Jana narudi kutoka Pongwe na funga yangu, jua limeshachomoza, wanawake wamekaa nje wanachambua mchele, simu ikapayuka mfukoni: "Kunywa maji sasa." Nikaongeza mwendo. Ikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kwamba mwili wangu unakauka. Mmoja akaniuliza, "Bi Hafsa, huyo mwenzio mfukoni hafungi?" Mpaka nafika Chumbageni mtaa mzima umepata pa kuchekea. Idarusi ananishauri nimsilimishe kwanza ndipo nitoke naye.

Na huyo jirani yako mwamkie tena kesho. Siku ya kwanza watu hushtuka. Ya pili watazoea.

Hafsa

Chumbageni, Tanga
5 Mei 2025

Shoga yangu Muzna,

Assalaam alaykum. Barua yako ya rambirambi niliipata, nisamehe kuchelewa kujibu. Nashukuru kwamba masikio yako yamekataa simu na mimi na wewe tumebaki kuandikiana, kwa sababu barua naijibu nikiwa tayari. Wengine wote wanapiga.

Umeniuliza ilikuwaje. Hapana mengi. Ilikuwa Alhamisi, Idi imeshapita. Niliporudi kutoka Pongwe nilimkuta Idarusi kwenye kiti chake uani, chai imepoa, kichwa kimeinama. Nikaanza kumgombeza. Nikamwambia chai unaiacha inapoa na wewe umelala, ungengoja basi nirudi. Nimemgombeza maiti, Muzna. Hilo sijamwambia mtu.

Sasa mimi ni kizuka, mjane wa kukaa ndani. Wifi yangu Mwanasiti amehamia hapa kukaa nami mpaka eda iishe. Sitoki, sijipaki manukato, nimevaa nyeupe. Eda siilalamikii, ni haki ya Idarusi na ni ibada yangu. Ninacholalamikia ni jinsi watu wanavyozungumza nami. Wote wananong'ona. Anaingia mtu, anasema pole, anautazama mkeka, anasema pole tena, anaondoka. Nikisema chai haina sukari wanakimbilia kuongeza. Juzi nilisema mvua itanyesha, jua linawaka, wote wakaitikia kwamba kweli itanyesha. Hakuna anayenibishia. Nimekuwa mtu wa kukubaliwa kila ninachosema, na sijapata kuwa mpweke namna hii.

Amebaki mmoja tu asiyejua. Ni yule kijana wa Dar, Noa, mwenye programu ya baiskeli niliyokwisha kukuhadithia. Siku za msiba ile simu ya mradi nilikuwa nimeifungia kabatini, na yenyewe ikawa inasema humo humo ndani: "Hafsa, unalegea. Toka nje." Mwanasiti alitaka kuivunja. Mimi nilicheka, nikajifunika ushungi, wakadhani nalia.

Basi nikafanya nililofanya. Unamkumbuka Kijakazi, anayeuza vitumbua kwa baiskeli? Hajafika hata miaka thelathini. Kila alfajiri anaingia kwetu kuacha vitumbua. Nikampa simu ile aitie ndani ya kapu lake. Anazunguka nayo Chumbageni mlango kwa mlango, anafika mpaka Pongwe, akirudi ananipa. Kwa Noa inaonekana bado naendesha. Kwa hiyo bado ananiandikia, na bado ananibishia.

Usinihukumu kwa haraka.

Hafsa

Muscat
9 Mei 2025

Hafsa wangu,

Wa alaykumu ssalaam. Nimekusoma, nimelia, halafu nimekukasirikia, kwa mpangilio huo.

Uongo ni uongo hata ukipakiwa kwenye kapu la vitumbua. Na wewe uko kwenye eda, wakati ambao mtu anatakiwa ausafishe ulimi wake. Huyo kijana anafanya kazi yake kwa kuamini unachompa. Mwambie ukweli. Kama anakujali atabaki.

Hata hivyo, siwezi kusema sikuelewi. Nyumba yetu huku ina vyumba ambavyo sijaviingia tangu mwaka jana. Wanangu wakitoka kazini wananibusu mkono na kwenda kulala. Wajukuu walikuwa wakizungumza nami kwa ishara, sasa wamechoka, wananiandikia kwenye simu: "Bibi, chakula." Nafurahi kwamba wananiita. Lakini kama ningepata mtu mmoja wa kuniambia, "Muzna, umekosea," ningemkaribisha akae wiki nzima. Ndiyo maana nimekuambia umekosea. Ni zawadi yangu kwako.

Muzna

Dar es Salaam
13 Mei 2025

Shikamoo Bi Hafsa,

Nilikuwa na wasiwasi. Katikati ya Aprili ulipotea kabisa, nikadhani tumekuudhi. Halafu umerudi, na sijui umekula nini. Sasa unasimama karibu kila nyumba ya Chumbageni, na kila unapoondoka unaondoka kwa nguvu ambayo sijaiona kwa mjaribu mwingine yeyote, hata wasichana. Umeanza kusalimia mji mzima? Au unafanya mazoezi fulani na hutaki kutuambia?

Mimi nilikuwa nikikubishia kwamba kusimama simama kunaharibu mazoezi. Inaonekana nilikosea. Ila kuhusu siku ya mapumziko bado nakubishia. Hujapumzika hata Ijumaa, na mwili wa mtu mzima unataka siku moja ya kukaa.

Mzee Idarusi hajambo? Msalimie sana.

Noa

Chumbageni, Tanga
15 Mei 2025

Mwanangu Noa,

Marahaba. Siku ya kukaa nimekukatalia tangu mwanzo na nakukatalia leo. Kukaa hakujamponya mtu ninayemjua mimi. Mtu akikaa sana viungo vinasahau, na moyo nao unasahau.

Jambo jingine. Hiyo sauti mpya mliyoweka, inayosema "Hongera, wewe ni shujaa", iondoeni. Nimeendesha baiskeli tangu naenda chuoni kusoma Kurani, sijawahi kuwa shujaa kwa sababu hiyo. Kumsifu mtu mzima kwa kuendesha baiskeli ni sawa na kumsifu kwa kufua. Afadhali ile ya zamani iliyokuwa ikinambia nalegea.

Mzee Idarusi ametulia. Siku hizi analala, hata habari ya sukari hanibishii tena. Ndiyo nakuomba wewe usiache. Nikikosea niambie.

Hafsa

Dar es Salaam
1 Julai 2025

Shikamoo Bi Hafsa,

Nina habari njema na nimengoja mpaka iwe ya uhakika ndipo nikuambie. Safari zako za wiki hizi zote nimezikusanya, nikazichambua na mtaalamu wa mazoezi. Amesema mtindo wako wa kusimama na kuondoka kwa nguvu, tena na tena, unajenga misuli ya mapaja kwa namna ambayo hakuitegemea kwa mtu wa umri wako. Kwa hiyo tumeufanya kuwa zoezi rasmi. Linaitwa "Zoezi la Bi Hafsa". Kuanzia leo wajaribu wote waliozidi miaka hamsini wanalipata kwenye simu zao.

Mkubwa wangu hakuamini, akauliza kama tuna hakika na hizo rekodi. Nilimwambia Bi Hafsa namjua. Sijawahi kukuona, lakini nilisema hivyo na nilijisikia vizuri kusema.

Yule jirani anaitwa Robert. Amenikaribisha kutazama mpira.

Noa

Chumbageni, Tanga
4 Julai 2025

Shoga yangu Muzna,

Utaniambia ulinionya, na utakuwa umesema kweli.

Noa ameichukua miguu ya Kijakazi akaandika juu yake miaka yangu hamsini na nne, sasa wanawake wenye magoti ya umri wangu wanaambiwa wafanye kama yeye. Nilipomweleza Kijakazi alikaa kitako kwa kicheko. Anasema kama kuondoka na kapu la vitumbua na chupa la chai nyuma ya kiti ni mazoezi, basi yeye apewe kikombe cha dhahabu.

Nilikaa kumwandikia Noa asimamishe. Kweli nilikaa, nikaandika jina lake. Halafu nikaona kitakachofuata. Atajua nimefiwa, naye atanong'ona. Nikafuta, nikaandika "Hongera mwanangu", nikatuma.

Nina aibu, lakini hofu ni kubwa kuliko aibu.

Hafsa

Dar es Salaam
24 Julai 2025

Shikamoo Bi Hafsa,

Samahani, leo sina maneno mengi. Mjaribu wetu wa Morogoro, Mama Daniel, ameumia goti akifanya lile zoezi. Ana miaka hamsini na sita. Goti limevimba, anatembea kwa fimbo, na daktari amemkataza baiskeli kwa sasa. Wawili wengine wamelalamika maumivu.

Jumatatu nina kikao. Wanataka kujua kwa nini zoezi lililokujenga wewe linawabomoa wengine. Mimi naamini kuna kitu unakifanya ambacho hatujakiona. Labda ni kimo cha kiti chako, labda unaanza kwa mguu fulani, labda unajinyoosha kabla. Niambie hata kitu kidogo, Bi Hafsa. Wanasema rekodi zina kasoro na mimi nimewaambia hazina.

Noa

Chumbageni, Tanga
25 Julai 2025

Noa,

Rekodi zina kasoro. Kasoro ni mimi.

Mume wangu Idarusi alifariki mwezi wa nne. Tangu siku ile niko ndani, nakaa eda, ambayo kwetu mjane hatoki mpaka miezi minne na siku kumi zipite. Sijagusa baiskeli. Simu yako nilimpa Kijakazi, mwanamke mwenye kuuza vitumbua, na miguu uliyoichambua ni yake. Hajafika miaka thelathini. Anasimama kwa sababu anauza, na anaondoka kwa nguvu kwa sababu amebeba mzigo. Ulipotangaza lile zoezi nilijua ni kosa, nikakuandikia hongera.

Sikufanya kwa ajili ya kukudhihaki. Wewe ulikuwa umebaki mtu pekee anayeongea nami kama zamani. Nilitaka hilo liendelee, na kwa sababu hiyo Mama Daniel anatembea kwa fimbo.

Liondoe zoezi leo leo, usingoje kikao. Waambie Jumatatu kwamba ulidanganywa na mtu mzima. Wape barua hii waisome.

Hafsa binti Sele

Dar es Salaam
29 Julai 2025

Ndugu Hafsa binti Sele,

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa mradi wa Kanyaga, tunatoa pole nyingi kwa msiba mzito wa kuondokewa na mwenzi wako, Mzee Idarusi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu akupe subira katika kipindi hiki kigumu.

Zoezi tuliloliandaa limeondolewa. Kutokana na msiba wako tumepata wazo la kuweka kitufe cha "Nimefiwa". Mjaribu akikibonyeza, programu itampa pole kisha itanyamaza mpaka atakapokuwa tayari.

Ili upate kupumzika, akaunti yako tumeisimamisha. Hutapata ujumbe wowote kutoka kwetu. Tafadhali usijisumbue kujibu barua hii.

Wako katika majonzi,
Noa Mgaya, pamoja na wafanyakazi wenzake

Chumbageni, Tanga
2 Agosti 2025

Shoga yangu Muzna,

Nimemwambia ukweli, kama ulivyotaka. Amenipa pole.

Barua ina sahihi ya ofisi nzima chini yake. Ameniita ndugu. Simu ya mradi nimeiwasha mara kadhaa, haisemi kitu, hata kwamba nalegea. Kijakazi ananiuliza kama aendelee kuibeba, nikamwambia haina tena haja.

Mwanasiti amenisogezea chai. Akanong'ona kama sukari inatosha. Nikamwambia inatosha, na haikuwa na sukari hata chembe. Sikuwa na nguvu ya kumkosoa.

Hafsa

Muscat
6 Agosti 2025

Hafsa wangu,

Nilikuambia akikujali atabaki. Nilisahau kwamba watu wakikujali ndipo wanapokaa mbali, wakiogopa wasije wakakugusa penye kidonda. Wanangu wananipenda, na ndivyo wanavyofanya.

Kwa hiyo sikiliza. Amekuambia usijibu. Tangu lini wewe ukaambiwa usijibu, ukanyamaza? Umeshakaa chini kwa ajili ya Idarusi, na ni haki yake. Kwa ajili ya barua ya ofisi usikae.

Muzna

Chumbageni, Tanga
12 Agosti 2025

Noa,

Umesema nisijisumbue kujibu. Najisumbua.

Nimekudanganya kwa miezi. Nimemwumiza mwanamke goti. Nimekuaibisha mbele ya wakubwa zako, na wewe ulikuwa umenitetea. Kwa yote hayo umenipa pole. Angekuwa ni mtu mwingine ungemwambia alichokufanyia. Mimi umeniacha kwa kuwa nimefiwa, na hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia siku nilipompa Kijakazi ile simu.

Mama Daniel nilimpigia mwenyewe, namba yake nimeitoa kwenye kundi la wajaribu. Nikamweleza yote. Amenigombeza, Noa. Aliniuliza nina akili gani, akaniuliza kama ningefurahi goti lingekuwa langu, akalia, akakata simu. Kesho yake akanipigia akanigombeza tena yale aliyoyasahau. Tangu nifiwe sijalala usingizi mzuri kama wa usiku ule. Sasa uvimbe wa goti unapungua, na tunaongea kila Jumanne.

Hicho kitufe chenu, kiwekeni. Programu inyamaze, ni sawa, isimwambie mfiwa atoke nje. Lakini neno pole litoeni. Pole atapewa na mtaa mzima mpaka aichoke. Nitakuambia ninachokikosa mimi. Idarusi, kila usiku kabla ya kuzima taa, alikuwa akiniuliza, "Kesho unatoka saa ngapi?" Hakuwa na haja ya kujua, maana natoka wakati ule ule tangu anioe. Aliuliza tu, nikamjibu, tukalala. Tangu Aprili watu wananiuliza nimelalaje, nimekulaje, najisikiaje. Habari ya kesho yangu hakuna anayeiuliza, kana kwamba tumezikwa wote wawili. Wekeni swali hilo, mtu akikaribia kurudi.

Eda yangu inaisha Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu. Jumapili nataka kupanda baiskeli. Sijamwambia mtu, kwa sababu wataniambia nipumzike kwanza.

Hafsa

Dar es Salaam
23 Agosti 2025

Shikamoo Bi Hafsa,

Nilikasirika. Niliposoma barua yako ya Julai nilitoka ofisini nikatembea mpaka nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Nilikasirika kwa ajili ya Mama Daniel, halafu kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikasema nakujua. Halafu nikarudi kuzisoma barua zako za nyuma, nikafika pale ulipoandika kwamba Mzee Idarusi analala siku hizi. Nilikuwa nimekujibu kwa kicheko. Hapo sikujua tena namkasirikia nani. Nikaona haya kumgombeza mfiwa, nikachukua maneno ya ofisi nikatia sahihi.

Ulifanya vibaya, Bi Hafsa. Vibaya sana. Ungeniambia Aprili ningekubishia vile vile, kama ungetaka. Usirudie.

Swali lako nililipeleka kwenye kikao. Wamelikataa. Wanasema programu haiwezi kuuliza jambo ambalo jibu lake haina la kulifanyia. Niliwabishia mpaka mkubwa wangu akasema tuendelee na ajenda nyingine. Neno pole limetoka, kimya kimebaki. Nimeshindwa kupata zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nakuuliza mimi. Kesho unatoka saa ngapi?

Noa

Chumbageni, Tanga
23 Agosti 2025

Mwanangu Noa,

Marahaba. Saa kumi na moja na nusu, nikishasali. Usijisumbue kupiga simu kuniamsha. Nitakuwa macho.

Hafsa